Mkono wa Rashidi na Mabara ya Mwalimu

Mwalimu alimvunja mwanangu Rashidi mkono kwa fimbo, mbele ya shule nzima. Miaka mingi baadaye, amestaafu, mke amemkimbia, akaja kwangu hapa Nachingwea kuulizia chumba, nikampa. Wenzangu wakasema Mama Rashidi ana moyo, amesamehe. Sikuwa nimesamehe hata chembe. Nilimpa chumba ili alale pale ninapoamkia mimi, anione nikifagia uwanja, amwone Rashidi akija sikukuu na vidole vyake viwili vilivyopinda kama ndoana, mpaka siku moja neno limkabe kooni alitapike. Nilitaka aseme, "Nilikosa." Basi. Sikutaka kingine kwake.

Na nisingemkumbusha. Mimi ni mtu wa kiburi, sikatai. Nina wajukuu kumi na mmoja, hakuna hata mmoja anayepita kwa jirani kuomba chumvi, na sijawahi kumshika mtu shati nikamwambia niombe radhi. Kama amekosa atajua mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na nilifikiri hivyo miaka saba.

Chanzo kilikuwa ramani. Shule ilikuwa na ramani moja tu ya dunia, na Mwalimu ndiye aliyeibeba mgongoni kwa baiskeli kutoka Masasi, kaiviringisha ndani ya mkeka isilowe. Rashidi alikuwa darasa la sita. Alipokuta darasa tupu akachukua wembe, akaikata Afrika kufuata ukingo wake wa magharibi, akaikata na Amerika ile ya kusini, akavisogeza vile vipande mpaka vikagusana, akavibandika ukutani kwa uji mzito. Akaita wenzake: "Njooni muone! Hivi vilikuwa kitu kimoja, mtu kavichana!" Aliyekuja kuona ni Mwalimu.

Kesho yake mstarini zikatangazwa fimbo sita za mkononi. Ya nne ndiyo iliyovunja mfupa, na hata waliosimama nyuma waliusikia. Zikaja ya tano na ya sita juu ya mkono uleule, kwa sababu alikuwa ametamka sita, na yeye msemo wake ulikuwa huo: "Nikisema sita ni sita, dunia ipasuke isipasuke." Marehemu mume wangu alikwenda shuleni na panga kiunoni, akarudi kofia mkononi, ati mwalimu ni mzazi wa pili. Mganga wa mifupa aliufunga mkono kwa vijiti vya mianzi, ukaunga kombo. Rashidi hakurudi darasani. Alikwenda Ruangwa kwenye mashimo ya vito vya kijani, na huko ndiko alikokulia.

Sasa mtu mwenyewe. Alikuwa mrefu, mkavu kama muhogo uliosahauliwa juani, masikio makubwa, suruali imepigwa pasi mpaka ingeweza kukukata. Hasira yake haikujua kupiga hodi. Siku moja kijana wa bodaboda alimrushia matope pale sokoni. Mwalimu alimfuata mpaka kijiweni, akamshika ukosi, akamteremsha kwenye pikipiki yake kama mtu anayeteremsha gunia la ufuta, akamkalisha kwenye lile dimbwi. "Sasa unajua ladha yake," akamwambia, akaendelea kununua nyanya. Fundi baiskeli mmoja, mtu mzima mwenye mvi na wake wawili, kila Mwalimu akipita huacha spana ikaanguka na kusimama wima kama yuko kwenye wimbo wa taifa. Nilimuuliza mbona unasimama, huyu si mwalimu wako tena. Akasema, "Mama, miguu ndiyo inayosimama. Mimi nimekaa."

Lakini mtu huyohuyo hakuweza kuchinja kuku. Akinunua kuku humleta kwangu kamkumbatia kama mtoto mwenye homa, ananikabidhi pamoja na kisu, halafu anakwenda kusimama nyuma ya choo mpaka nimwite.

"Tayari, Mwalimu, ameshakufa."

"Aliteseka?"

"Sikumuuliza."

Hapo hujifungia chumbani hata nusu ya siku, na yule kuku humla mguu mmoja tu, nyama inayobaki hupelekewa wajukuu zangu. Nilikuwa namtazama na kujiuliza: kuku anamlilia, na mwanangu je?

Mambo ya mabara yalimpata ukubwani. Alikuwa keshapanda kufundisha sekondari, jiografia, ndipo alipokutana nayo vitabuni. Halafu wakaja watafiti wa chuo kikuu kutoboa miamba upande wa Ruangwa, akawa anawaonyesha njia. Walipoondoka walimwachia programu ya kompyuta, nayo ikamkamata kama pepo. Asubuhi, kabla jua halijachoma bati, anafungua mlango wake, anaweka kompyuta juu ya meza, anairudisha dunia nyuma.

Mimi nimeishia darasa la nne, lakini nitaeleza kama alivyonieleza, maana alinieleza mara mia. Ardhi si kipande kimoja. Imepasuka mabamba, kama ukoko wa ubwabwa chini ya sufuria, na mabamba hayo yanatembea, taratibu kama kucha inavyoota. Ukitaka kujua jana yalikuwa wapi, kila bamba unalitafutia msumari wake, yaani mahali linapozungukia, halafu unaiambia kompyuta ligeuke kiasi gani kwa kurudi nyuma. Nambari tatu kwa kila bamba: mbili za msumari, moja ya kugeuka. Unabonyeza, unangoja. Zinarudi. Madagaska inapanda kutoka kusini mpaka inakuja kulala ubavuni mwetu. Ukikosea nambari, nchi zinapandana kama mbuzi, au zinaachiana mwanya wa kupitisha bahari nzima.

Zikipandana ndipo nilipojua nimempangisha nani. Nilikuwa nasikia puu! puu! ukutani. Alipiga ukuta kwa ngumi mpaka ukafanya mashimo ya kutagia kuku. Siku moja alirusha kile kibao cha kuchapia herufi, kikampata beberu wangu kichwani, beberu akazunguka kama mlevi wa uraka. Kompyuta yake ya kwanza aliipiga teke ikaanguka sakafuni, ikafa. Alipoona imekufa akaikunja ndani ya shuka na kukaa nayo mapajani siku nzima, hali chakula.

"Mama Rashidi," aliniuliza mara moja, mimi nachambua mbaazi uwanjani, "unajua umekaa juu ya nini?"

"Juu ya mkeka."

"Umekaa juu ya ajali."

"Ajali gani tena?"

"Bara limegonga bara. Hapa hapa. Palikuwa na bahari katikati, ikabanwa huku na huku mpaka ikafa. Miamba ikakandwa, ikakunjwa, ikapikwa. Yale matope ya bahari na vyote vilivyoozea ndani yake ndiyo yakawa kinywe. Ile nyeusi ya kwenye penseli, inayowachafua vijana wa Ruangwa mikono, ile ni bahari iliyokabwa shingo."

"Walikufa wangapi?"

"Hakukuwa na mtu bado."

"Basi si ajali. Ni ugomvi wa wakubwa."

Alicheka. Meno yake niliyaona mara chache sana, na baadaye yalipungua, nitasema kwa nini.

Nikiri jambo. Nilipenda kutazama. Nilikuwa namwambia, "Turudishie pale panapogongana," naye anarudisha, ninaona vile vipande vinakuja, vinakuja, halafu vinaumana, milima inasimama kama mbuzi waliokutanisha pembe. Huku roho yangu inamngoja aseme lile neno. Mtu unaweza kukaa na adui yako ukatazama naye kitu, ukasahau kidogo, halafu ukarudi ndani ukajichukia.

Na mawe yake. Kompyuta haijui kitu yenyewe, alisema, inakula ushahidi, na ushahidi uko kwenye jiwe. Jiwe jeusi lililotoka chini likiwa moto, lilipopoa lilimeza kaskazini ya siku hiyo, likaishika tumboni mpaka leo. "Jiwe halisahau," huo ndio ulikuwa wimbo wake. Ila lazima ujue lilivyolala. Kwa hiyo kabla ya kuling'oa kwenye mwamba unaweka dira juu yake, unalichora mshale wa kaskazini na mstari wa usawa kwa wino mweusi, ndipo unapiga tindo. Ukiling'oa bila mshale umeng'oa kokoto. Mtafiti mmoja wa chuo alikubali kumpimia mawe hayo bure, mradi yatimie na yawe na mishale. Mwalimu alitaka kujua kipande chetu hiki, kuanzia huku Nachingwea mpaka vilima vya Ruangwa, wakati wa kule kugongana kiligeuka au kilisimama. Katika dunia yake yote ya kompyuta, sisi ndio tuliokuwa mwanya.

Mawe hayo yalimtoa meno. Alisikia kuwa ndani ya shimo moja la vito, Ruangwa, ukuta wa chini una mwamba mweusi uliopenya katikati ya mawe mengine, safi, haujaliwa na mvua. Akateremka na dira yake na kalamu ya wino bila kumuaga mtu. Wachimbaji wakaona mzee mgeni, suruali ya pasi, anachora mishale ndani ya shimo lao. Mmoja akasema huyu anapima apokonye shimo. Mwingine akasema si mpimaji, ni mchawi, anafunga vito visionekane. Na kosa la Mwalimu ni kuwajibu kama wanafunzi.

"Nyinyi wajinga," akawaambia, "simameni mbali na mwanga wangu."

Walimpandisha juu kwa kamba kama mbuzi, wakamshukia. Mateke, mipini ya sururu, mawe. Mmoja aliokota kalamu ile akamchora mshale usoni, wakacheka, wakaendelea kupiga. Meno matatu yalibaki kwenye vumbi la kinywe. Rashidi alikuwa shimo la jirani. Alikuja na mtalimbo mkononi, akapasua katikati yao, akasimama juu ya yule mzee aliyejikunja. Walionisimulia wanasema aliunyanyua ule mtalimbo mpaka juu kabisa, na wote wakarudi nyuma kumpa nafasi. Akakaa hivyo. Halafu akasema, "Mwacheni. Huyu ni wangu."

Wakamwacha. Alimpakia kwenye pikipiki, akamfunga kiunoni kwake kwa shuka asianguke, akamfikisha hospitali, akaondoka bila kuingia ndani. Mwalimu aliporudi nyumbani na uso kama boga aliniambia, "Mwanao ana heshima. Ameniita mzee wake." Nilikuwa nimeshika upawa. Nikaendelea kukoroga.

Mawe aliyapata. Wenyewe walimtupia kiroba chake, chote, na mishale yake.

Nami nikayaosha.

Wakwe wa mjukuu wangu Zuhura walikuwa wanakuja kuleta barua ya posa. Zuhura ni muuguzi, wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa gauni lile jeupe, na mimi ndiye niliyemsomesha kwa korosho zangu. Nikasema wakwe hawatakuta hata jani uwanjani. Nilifagia, nikasiriba ukuta, nikapaka chokaa. Pale kibarazani kwa Mwalimu palikuwa na mawe yamepangwa, yamechorwachorwa mistari kama vitabu vya watoto wa chekechea. Nikaona aibu. Nikayachukua yote, nikayasugua kwa majivu na gunzi mpaka yakang'aa, nikayapanga kuzunguka maua.

Mwalimu alirudi kutoka sokoni, akasimama.

"Mama Rashidi. Nani ameyaosha haya?"

"Mimi. Yamependeza, eeh?"

"Mishale iko wapi?"

"Yale machoro? Nimeyatoa."

Sijawahi kuona uso ukiondoka kwa mtu namna ile. Bakora aliyokuwa akitembelea ikaenda juu. Mimi nilikuwa natwanga, mchi uko mkononi.

"Shusha," nikamwambia. "Shusha hiyo fimbo, Mwalimu, au leo wakwe watakuta maiti badala ya pilau."

"Miaka minne! Umefuta miaka minne kwa majivu, wewe mwanamke!"

"Na wewe umefuta mangapi kwa fimbo?"

"Unasema nini?"

Pale pale ningemwambia. Lilinifika kwenye meno. Lakini kiburi kikanibana nikasema, "Sisemi kitu. Shusha." Akashusha, ila aliishusha juu ya mtungi wa mama yangu mzazi, ukawa vigae, maji yakatembea mpaka kwenye maua. Wakwe walikuta uwanja una matope. Barua waliitoa hivyo hivyo.

Mtu mwingine angekata tamaa. Yeye alianza upya. Alikuwa amezeeka, pumzi imepungua, lakini alikwenda Kilimarondo kugonga mwamba katikati ya mashamba yanayoingiliwa na tembo, akarudi shati limechanika, anasema tembo alimfuata mpaka akapanda juu ya dungu la mlinzi wa mtama. Alikwenda Nanganga, akachimbua kando ya barabara huku malori yanampigia honi. Akapita Kiegei. Mawe yote akayapata tena, na mishale, na sasa aliyafungia ndani kwa kufuli. Likabaki moja. Lile la shimoni.

Ndipo ikasikika kwamba mwenye leseni anafukia mashimo ya zamani kule Ruangwa, watu wasije wakatumbukia. Siku iliyotajwa ni Jumatano ya juma linalofuata. Mwalimu hakuwa na miguu tena ya kuteremka peke yake, wala hakuna mchimbaji ambaye angemruhusu. Aliyejua shimo na ukuta wake ni Rashidi.

"Niombee kwa mwanao," akaniambia.

"Una mdomo. Muombe mwenyewe."

Nikampigia Rashidi aje. Nilijua sasa imefika. Rashidi alikuja Ijumaa baada ya swala, akaegesha pikipiki, akaingia uwanjani bila shikamoo. Mwalimu kamwekea kiti, kamfungulia kompyuta, kamrudishia dunia nyuma yote, mpaka kule mabara yanapofungana, na katikati yake kimwanya cheusi, sisi. Rashidi aliangalia. Ile ya Afrika ilipokwenda kulala kwenye ubavu wa Amerika alitoa pumzi kwa pua.

"Nikikuletea jiwe," akasema, "nataka kitu kimoja. Utasimama mstarini, shule ileile, useme mbele za watu."

"Niseme nini?"

"Mwalimu, usinichezee."

"Rashidi, mimi sielewi unachotaka niseme."

Rashidi akaweka mkono wake juu ya meza, mbele ya kioo cha kompyuta. Mwalimu akauangalia. Aliuangalia kwa huruma! Hiyo ndiyo iliyoniua.

"Nilidhani ni shimoni," akasema. "Miaka yote nilidhani jiwe lilikuangukia huko shimoni."

Kuku walikuwa wanaparua.

"Ramani," nikasema mimi. "Ramani uliyoibeba kwa baiskeli."

"Ramani naikumbuka." Macho yakamng'aa kweli. "Ilikuwa na kitambaa nyuma. Kuna mtoto aliikata kwa wembe, nikamchapa."

"Mtoto gani?"

Akafikiri. Nawaambieni alifikiri, alitafuta kwa uaminifu kabisa, kama anavyotafuta nambari zake. Halafu akasema, "Walikuwa wengi, Mama Rashidi."

Sufuria ya chai ilikuwa jikoni inatokota. Niliichukua nikaitupa, ikapita sikio lake, ikagonga ukuta wake wenye mashimo. Nilimrukia. Nilimshika ule ukosi wa pasi nikamtikisa mpaka kichwa kikacheza. "Mawe yote ya mkoa huu unajua yalilalaje! Tumbo la jiwe unalijua! Mtoto wa mtu humjui?" Rashidi ndiye aliyenitoa, kwa mkono ule mbovu, akinishika kiuno na kuniambia polepole, "Mama. Mama, basi. Utaua." Na mimi nalia, si kwa ajili yake tena, nalia miaka yangu saba. Nilikuwa nangoja neno kutoka kwa mtu ambaye hakuwa nalo. Ningemwambia siku ya kwanza, angelijua. Kiburi changu kilimficha yeye dhambi yake.

Nilimwambia ahame. Hakuhama. Jumamosi na Jumapili alikaa mlangoni, kompyuta imefungwa. Chakula nilimpelekea, nikakisukuma kwa mguu. Rashidi naye hakurudi Ruangwa, alilala kwangu, hasemi anangoja nini.

Jumatatu alfajiri Mwalimu alivaa suti. Akatoka na bakora yake bila kuaga. Nikajitupia kanga nikamfuata, na nyuma yangu nikasikia pikipiki inasukumwa, haijawashwa.

Watoto walikuwa mstarini na vidumu vyao na mafagio. Mwalimu mkuu ni binti mdogo, kuzaliwa kwake Mwalimu alikuwa keshachakaza viatu vingi pale. Akamsikiliza, akampisha mbele. Watoto wakaimba shikamoo yao. Rashidi alisimama nje ya uzio wa michongoma, mimi nikaingia mpaka chini ya bendera.

Alianza kufundisha. Ndiyo, alianza na mabara! Mabamba, misumari, Madagaska, watoto wanapiga miayo, nami nasema moyoni anakwepa, huyu mzee anakwepa. Halafu akayaacha mabara. "Hapa hapa palikuwa na mtoto," akasema, "aliyeyajua haya kabla yangu mimi. Nilimpiga fimbo sita. Nilimvunja mkono. Alikuwa sahihi, nami..."

Meno hayakuwepo, maneno yalikuwa yanapiga mluzi. Mtoto mmoja mbele akacheka.

"Nani anacheka?" Sauti ile! Sijui alikuwa ameificha wapi. Njiwa waliruka kwenye bati. "Toka mbele!"

Na bakora ikawa juu. Kabla mtu hajapumua, kabinti kadogo ka darasa la tatu hivi, huyo aliyecheka, kakatoka mstarini. Hakuna aliyekaambia la kufanya. Kalikuja kakasimama mbele yake, kakafumba macho, kakanyoosha mkono, kiganja juu.

Bakora ilikaa angani. Mwalimu anakitazama kiganja. Alikitazama muda mrefu, na sisi wote tunatazama ile fimbo.

"Hivi," akasema. Si kwa watoto, si kwangu. "Ilikuwa hivi hivi. Alinyoosha mwenyewe. Baada ya ya nne alisema, 'Mwalimu, naomba nibadili mkono.' Nikakataa. Nikamwambia uleule."

Hilo mimi sikuwahi kulisikia. Rashidi hajawahi kuniambia, wala baba yake hakuambiwa.

Kutoka nje ya michongoma Rashidi akasema, "Ndiyo. Nilisema hivyo."

Akaingia. Alimwinamia yule mtoto, akamkunja vidole vyake vidogo akavifunga ngumi, akamwambia, "Rudi mstarini, mama." Halafu akamgeukia Mwalimu, ambaye bakora ilikuwa imemponyoka, hana cha kujishikia, anayumba. Akamshika chini ya kwapa.

"Rashidi," Mwalimu akaanza, "mimi..."

"Usiongeze kitu. Panda. Shimo linafukiwa keshokutwa."

Akampandisha kwenye pikipiki, akaipiga teke ikawaka, wakaishika njia ya Ruangwa, suti ya mzee inapepea. Vumbi likatulia. Watoto mia kadhaa wananitazama mimi, na yule mwalimu mkuu kijana naye ananitazama, fimbo yake ndogo ya mstarini iko nyuma ya mgongo.

"Bibi," akaniuliza taratibu, "tuendelee?"

"Endeleeni, mwanangu," nikamwambia. "Lakini leo hapa hachapwi mtu."

Nikabaki pale pale chini ya bendera mpaka wa mwisho alipoingia darasani.